Mwili Haujengwi kwa Njaa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kabla sijaanza kunena niliyo nayo, naomba nitoe siri moja ambayo kwa kweli si siri tena hapa shuleni. Mimi ndimi yule mnayemwita Mbuta. Jina hili nilipewa nikiwa Kidato cha Kwanza. Aliyenipa simtaji, pengine hata amekwisha kusahau, lakini wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mbuta, kama mnavyojua nyote mliokulia huku Usenge, ni samaki mnene, tena akiwa mkubwa hubebwa na watu wawili kutoka mtumbwini. Kila nilipopita katikati ya madawati, mtu mmoja wa nyuma alisema, "Pisheni njia, mbuta anapita!" Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Nikifika nyumbani sikucheka.

Leo nimeshika kalamu si kwa sababu ya kulalamika. Nimeishika kwa sababu naona wengi wetu, hasa sisi wasichana, tunataka kuwa na miili mizuri, na njia tunayoifuata ni ile ile iliyonitia mimi shimoni. Wengine wanaacha kula. Wengine wanafanya mazoezi siku mbili kwa hasira, siku ya tatu wanalala. Wengine wanasema mambo hayo ni ya watu wa Kisumu na Nairobi wenye pesa za kulipia jimu. Maoni yangu ni haya: mwili mzuri hujengwa kwa mpango wa chakula na mazoezi ya pale pale nyumbani, na hapa kando ya ziwa tuna karibu kila kitu kinachohitajika. Isitoshe, jambo hili si la mtu mmoja mmoja tu. Ni la jikoni kwetu, na ni la shule yetu pia. Hebu nieleze.

KOSA NILILOLIFANYA

Ilikuwa muhula wa pili mwaka jana. Katika simu ya dada yangu niliona mwanamke mmoja, kiuno chembamba kama cha nyigu, akisema eti kwa siku ishirini na moja unaweza kubadilika usitambulike. Masharti yake: asubuhi maji ya ndimu, mchana usile kitu, jioni tunda, na ugali usiuguse kabisa. Nikasema, heri nife nikijaribu. Asubuhi nikanywa ndimu yangu na kuondoka. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, wenzangu wakakimbilia foleni ya githeri na sahani zao. Mimi nilikuwa nimelipiwa githeri hiyo muhula mzima, lakini nikabaki darasani nikijifanya nasoma.

Sasa, sikuwa peke yangu. Jirani yangu wa dawati naye alikuwa akibaki darasani kila mchana. Siku zote hizo sikuwa nimewahi kuona, maana nilikuwa wa kwanza kutoka. Tukakaa hivyo wiki mbili, yeye na daftari lake, mimi na langu, matumbo yakinguruma kama radi ya mbali. Nikaona nimepata mwenzangu. Siku moja nikamnong'oneza, "Kwani wewe unatumia dayati gani?"

Akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Mimi situmii dayati. Kwetu hakuna pesa ya kulipia."

Jamani, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi nakataa chakula kilicholipiwa, na aliye sentimita thelathini kutoka kiwiko changu anakitafuta hakipati. Naye hakuniambia neno la ubaya. Alirudi kwenye hesabu zake.

Mngedhani niliacha siku hiyo. La hasha! Sikio la kufa halisikii dawa. Niliendelea siku nne zaidi, na Ijumaa, tukiwa paredi, bendera ikipanda, macho yakaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye benchi la zahanati, na aliyekuwa ameshika viatu vyangu ni yule yule jirani yangu wa dawati. Muuguzi akaniuliza nimekula nini. Nikasema bado. Na jana? Nikasema ndimu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umewahi kuona fundi akijenga nyumba kwa kuyatoa matofali ya ukutani?"

Maneno aliyonieleza siku hiyo ndiyo ninayowapa leo bila malipo. Mtu akiacha kula, mwili hauchomi mafuta peke yake. Unakula pia misuli, ile nyama ambayo ndiyo nguvu yenyewe. Mtu wa miaka kumi na sita bado anajenga mifupa na damu, na msichana hupoteza damu kila mwezi, kwa hiyo anahitaji madini ya chuma kuliko hata mvulana. Halafu siku njaa inapokushinda, na lazima ikushinde, unakula chakula cha watu watatu. Ule uzito ulioondoka unarudi, lakini nguvu hairudi upesi. Ndiyo sababu nasema kujinyima si kujipanga.

KALENDA YA CHUNGU CHETU

Nyumbani naishi na nyanya yangu, ambaye tunamwita Dani, pamoja na kaka yangu mkubwa na wadogo wawili. Dani ana presha. Kliniki walikuwa wamemwambia zamani apunguze chumvi na mafuta ya kupikia, naye akawa anaitikia "ndiyo, daktari" huko, akifika nyumbani anapika kama kawaida. Kwa hiyo jikoni mwetu tulikuwa wagonjwa wawili na chungu kimoja. Nikaona, badala ya mimi kuwa na chakula changu na yeye chake, tupange chakula cha wote.

Tulianza na hesabu. Nilichukua ukurasa wa katikati wa daftari nikaandika kila kilichonunuliwa kwa wiki moja. Hapo ndipo nilipigwa na butwaa. Kila asubuhi tulinunua mandazi sita ya shilingi 10, yaani shilingi 60. Kwa siku saba ni shilingi 420, na hiyo ni unga mweupe na mafuta tu! Wiki iliyofuata kwa hizo 420 tulinunua mafungu mawili ya viazi vitamu kwa 200, nusu gorogoro ya omena kwa 100, na mayai manane ya shilingi 15 kwa 120. Pesa ni zile zile, hakuna hata senti iliyoongezeka. Anayesema kula vizuri ni kwa matajiri, kwanza aandike anachonunua.

Jambo la pili ni kujua majira. Huku kwetu kupanga chakula bila kuangalia ziwa ni kama kusafiri kwenda Mageta bila kuangalia upepo. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifanyi kazi vizuri, kwa hiyo omena huadimika na bei hupanda. Tena kuna miezi, tangu Aprili hadi Julai, ambapo uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane. Basi sisi hununua siku ambazo mwezi haupo, tunaanika vizuri juani, tunahifadhi kwenye mkebe. Omena huliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo hutupa chokaa ya kujenga mifupa yetu. Na zikikauka, gramu kwa gramu zina protini kuliko nyama mbichi ya ng'ombe. Lakini ajabu ya Musa, omena hao hao wengi hupakiwa magunia kwa magunia kwenda kusagwa chakula cha kuku, na mnofu wa mbuta hupelekwa ng'ambo, kisha sisi wenye ziwa tunapigania mgongo wazi wa kukaangwa. Sisemi mgongo wazi ni mbaya. Nasema ukiishi kando ya kisima usife kiu.

Jambo la tatu ni mboga. Hapa Dani ndiye profesa. Alinicheka aliposikia nataka kununua matunda ya ajabu niliyoyaona kwa simu. Akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha: osuga, yaani mnavu, dek, yaani mgagani, apoth, yaani mrenda, majani ya kunde, mchicha unaojiotea wenyewe karibu na zizi. Mboga hizi zina chuma na vitamini nyingi, na mbegu zake hazinunuliwi kila mwaka. Hata sukuma wiki, fikirini jina lenyewe. Wazee walioipa jina hilo walikuwa wanapanga chakula cha wiki kabla sisi hatujazaliwa.

Ugomvi ulitokea kwenye magadi. Dani haamini kuwa apoth inaweza kuliwa bila magadi. Magadi nayo ni chumvi ya aina yake, yana sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha. Tulizozana siku tatu. "Nyakwara," akaniambia, "mimi nimekula apoth ya magadi tangu wakati wa Mkoloni, wewe umezaliwa juzi." Mwishowe tulikubaliana: apoth mara moja kwa wiki, magadi kidogo kuliko zamani, na siku hiyo chumvi haitiwi. Dek na osuga zinapikwa kwa maziwa. Viungo vya pakiti tukaviacha, maana navyo vimejaa chumvi. Tunatia nyanya, kitunguu na dania. Mafuta yanapimwa kwa kijiko, hayamiminwi tena.

Basi wiki yetu ni hivi. Asubuhi ni viazi vitamu, au uji wa wimbi na mtama usio na sukari nyingi, na mayai mara mbili. Mchana wa shule ni githeri, na huliwa yote. Jioni ya Jumatatu ni omena na osuga, Jumanne ndengu na kunde, Jumatano samaki wa kuchemshwa na dek, Alhamisi maharagwe na sukuma wiki, Ijumaa omena tena, Jumamosi apoth ya Dani, na Jumapili kile Mungu atakachotujalia, hata kuku. Ugali upo karibu kila siku, ila mara nyingi ni ule wa mtama na muhogo au wa mahindi yasiyokobolewa. Kipimo chetu ni sahani: nusu iwe mboga, robo ugali, robo samaki au kunde. Chai ya rangi hatunywi pamoja na chakula, maana huzuia mwili kupata chuma kilicho kwenye mboga. Tunakunywa baadaye. Mapera au machungwa yakiwepo tunakula pamoja na mlo, kwa sababu yenyewe husaidia chuma kiingie.

Kuna wale watakaoniuliza, "Mbona unakula ugali na unataka kupungua?" Nawajibu kwa mfano mmoja. Mwaka wa 2019, mjini Vienna, Mkenya mwenzetu Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Huyo ni mla ugali. Tatizo si ugali. Tatizo ni mlima wa ugali, mboga kijiko kimoja, halafu kukaa. Na soda je? Chupa moja ya mililita 300 hubeba sukari ya vijiko vya chai saba hivi. Hakuna Dani yeyote anayeweza kutia vijiko saba kwenye kikombe kimoja bila kupigiwa kelele, lakini kwenye chupa tunanywa tukitabasamu.

JIMU YA NYUMA YA NYUMBA

Tugeukie mazoezi. Shirika la Afya Duniani linasema sisi wenye umri wa miaka 5 hadi 17 tunahitaji kwa wastani angalau dakika 60 za kutoa jasho kwa siku, na angalau mara tatu kwa wiki mazoezi ya kutia nguvu misuli na mifupa. Wengi wakisikia hivyo huwaza mashine zinazong'aa. Mimi nawaza mtungi.

Kwanza niliacha bodaboda. Kutoka kwetu hadi shuleni ni dakika arobaini kwa mguu, kwenda na kurudi dakika themanini. Hapo tayari nimepita zile sitini. Sharti ni kutembea kwa haraka, na kwa kikundi, kwa sababu asubuhi huwa bado giza na msichana asitembee peke yake. Pesa ya bodaboda tukaihamishia kwenye mayai.

Pili, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kabla ya kuoga, nafanya mazoezi nyuma ya nyumba kwa dakika ishirini. Kamba ya kuruka niliipata ufuoni, kipande cha kamba ya zamani ya mtumbwi. Naruka mara hamsini, napumzika, naruka tena. Kisha nachuchumaa na kusimama mara kumi na tano, nikiwa nimekumbatia mtungi mdogo wa lita 5. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtungi ni mzani wa bure: ukizoea tano, tia kumi. Ila mgongo uwe wima na miguu ndiyo ifanye kazi, la sivyo utaumia kiuno. Kisha pushapu. Nilipoanza sikuweza hata moja, wallahi. Nikaanza kwa kusukuma ukuta, wiki ya tatu nikasukuma benchi, wiki ya saba nikashuka chini. Leo napiga kumi na mbili, na za mwisho mbili natetemeka kama jani. Namalizia kwa kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko hadi nihesabu thelathini. Basi. Hakuna siri nyingine.

Siku ya kwanza majirani walichungulia kwenye ua. Mama mmoja akauliza kama nimepandwa na pepo. Wiki ya pili wadogo zangu wakawa wanaruka kamba nami. Wiki ya nne yule mama akaniuliza, "Nyathina, hiyo ya kuchuchumaa inasaidia magoti?"

WANAYOSEMA WATU

Sitakuwa mkweli nikisema wote walinipigia makofi. Kuna mambo matatu niliyoambiwa, na naomba niyajibu.

La kwanza, kwamba unene ni heshima. Huku kwetu mtu akinenepa husifiwa kuwa mambo yamemwendea vizuri. Lakini kuna kitu kizito zaidi ya hicho. Nilipoanza kupungua, Dani alinyamaza siku nzima, kisha usiku akaniambia, "Nyakwara, usikonde sana. Watu watasema." Sikuelewa. Akanieleza kuwa katika miaka ya 1990 ukimwi ulipopita vijiji hivi vya ziwani, watu walikuwa wakitazamana miili. Aliyekonda alihesabiwa amekwisha kwenda. Alizika watoto wake wawili wakiwa wamebaki mifupa. Kwake yeye, nyama juu ya mwili wa mtoto ni dalili ya uhai. Wenzangu, tuwe wapole tukizungumza na wazee wetu. Hawaupendi unene kwa ujinga, wameona mengi. Leo tunajua mtu hawezi kutambuliwa ugonjwa kwa kutazamwa, ni kwa kupimwa tu, na aliye na virusi akimeza dawa zake kila siku huishi na kufanya kazi kama wengine. Nilimwahidi Dani kuwa sitafuti kukonda, natafuta nguvu. Tangu hapo ndipo alipoanza kunisaidia kwa moyo wote.

La pili, kwamba mazoezi ni ya wavulana. Jibu langu ni fupi. Msichana anabeba lita ishirini kichwani kutoka ziwani, kilo ishirini hizo, na hakuna anayesema hiyo ni kazi ya wavulana. Ila akiruka kamba, oho! Na kwa upande wenu, kaka zangu, mpira mnaucheza hadi jua linatua, mkirudi mnauliza chakula kiko wapi. Kaka yangu alikuwa akipiga pushapu sitini lakini hawezi kusonga ugali usio na madonge. Katika mpango wetu Alhamisi ni zamu yake kupika. Maharagwe yaliungua mara mbili. Mara ya tatu yalilika. Mwanaume anayejua kujipikia atakula vizuri hata akiwa kambi ya uvuvi, hatangoja mandazi na soda.

La tatu, kwamba nina bahati kwa kuwa kwetu kuna chakula cha kupanga. Hili sina la kulijibu, kwa sababu ni kweli. Jirani yangu wa dawati aliponisikia nikisifu mpango wangu, aliniambia, "Wewe unapanga utakula nini. Sisi tunapanga nani atakula." Sitasahau maneno hayo. Mpango wowote wa afya unaomwacha yeye darasani akisikia vijiko vya wenzake ni mpango wenye tundu.

TUFANYE NINI SHULENI

Muhula huu watano kati yetu tulianza kula pamoja chini ya mti ule wa nyuma ya maabara. Kila mmoja analeta alicho nacho: huyu omena za kukaangwa kavu, huyu viazi, huyu mboga, sisi tuliolipiwa tunaleta githeri. Tunachanganya kwenye sinia moja na hakuna anayeulizwa ameleta nini. Jirani yangu huleta mchicha na mnavu kutoka kwao, na ndizo huisha kwanza. Lakini sinia moja halitoshi shule nzima. Kwa hiyo, walimu wetu, kwa heshima na taadhima, msinikasirikie, nina maombi matatu.

Ombi la kwanza, kipindi cha michezo kwenye ratiba kirudishiwe wenyewe. Kimeandikwa pale kwa wino, lakini karibu kila wiki hugeuka kuwa Hesabu au Kemia. Najua mtihani haukiulizi. Mwili nao una mtihani wake, na hauna marudio.

Ombi la pili, ile sehemu ya shamba iliyo karibu na tangi la maji tupewe sisi wanafunzi tupande mboga za kienyeji. Mbegu Dani amejitolea kutoa. Maji machafu ya kuoshea sahani yatanyunyizia. Mboga ziingie kwenye githeri mara mbili kwa wiki, na omena mara moja. Hapo githeri itakuwa chakula kamili, si cha kushibisha tu.

Ombi la tatu, na hili ndilo lililonishikisha kalamu: wale wasio na pesa ya chakula wapewe njia ya kulipa kwa kitu kingine, kuni, mboga, mahindi kutoka shambani, au zamu ya bustani, bila majina yao kusomwa mbele ya watu. Na sisi tuliolipiwa tusiache chakula chetu kwa ajili ya picha za simu. Ukitaka kupunguza, punguza kwa mpango, na sehemu yako umpe aliye na njaa, usiiache ichachuke.

NINGALI MBUTA

Mwataka kujua matokeo? Baada ya miezi mitatu nilipimwa zahanati, nilikuwa nimepungua kilo 3 tu. Tatu! Yule mwanamke wa kwenye simu angenicheka. Lakini mshipi wangu umesogea tundu mbili, napanda kilima cha kanisani bila kuhema, na tangu wakati huo sijaanguka paredi hata mara moja. Dani presha yake imeshuka kuliko ilivyokuwa. Dawa zake hajaacha, wala asiache, muuguzi amesisitiza hilo. Ila sasa anasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Chumvi imetosha."

Na jina je? Bado wananiita Mbuta. Mwanzo nilidhani nikipungua litapotea, kumbe jina halipungui kwa kilo. Lakini wiki jana wale wa nyuma walipoanza, "Pisheni njia, mbuta anapita," jirani yangu wa dawati aligeuka akawaambia, "Mmewahi kumvuta mbuta kwenye ndoano nyinyi? Jaribuni muone nani atavutwa." Darasa likacheka, na safari hii mimi nilicheka hadi nyumbani.

Wanafunzi wenzangu, haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na daftari, sahani moja na kipande cha kamba. Na kesho kengele ya mchana ikilia, kabla hujakimbilia foleni, geuza shingo uangalie nani amebaki darasani.

Naweka kalamu chini.